Jaribio Linalofundisha

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, nchini Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi za sayansi. Moja ilihusu jua, nyingine fisi maji wa baharini. Katika mojawapo ya majaribio yao walitenga vipindi vinne. Kundi la kwanza lilivitumia vyote kusoma na kurudia kusoma. Kundi la pili lilisoma vipindi vitatu, kisha katika cha nne likafunika makala na kuandika kwenye karatasi tupu kila lililokumbuka. Kundi la tatu lilisoma kipindi cha kwanza tu. Vitatu vilivyobaki vikawa vya karatasi tupu. Hakuna aliyesahihishiwa.

Waliopimwa dakika tano baadaye walitoa matokeo ambayo mwalimu yeyote angeyatarajia. Waliosoma muda wote walikumbuka asilimia 83 ya mambo yaliyomo, na wale wa kundi la tatu asilimia 71. Lakini kwa waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka. Wasomaji walikuwa wamebaki na asilimia 40, waliojipima mara moja 56, na waliojipima mara tatu 61. Wasomaji hao walikuwa wameipitia makala mara 14 hivi kwa wastani. Wenzao wa kundi la tatu mara tatu na kidogo tu. Tena, walipoulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani wiki ikipita, waliojiamini kuliko wote ni wale wale wasomaji.

Matokeo haya yanamhusu sana mwanachuo wa ualimu. Chuoni, nadharia za ujifunzaji huja na somo lake: Skinner, Piaget, Vygotsky. Upimaji huja na somo jingine: aina za maswali, jedwali la kutahini, usahihishaji. Mtu anahitimu akiamini kwamba kwanza mtoto hujifunza, kisha hupimwa. Jaribio la St. Louis linaonyesha kwamba mtoto anayejikaza kulitafuta jibu kichwani yuko katikati ya kujifunza, hata kama karatasi yake haitawekewa alama.

Kwa nini iwe hivyo? Tuanze na kusahau. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha kuzijifunza upya baada ya muda na kuangalia ameokoa juhudi kiasi gani. Saa moja ilipopita, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imekwenda. Baada ya siku moja kilibaki kiasi cha theluthi. Kuanzia hapo upotevu ulipungua kasi: hata baada ya mwezi mmoja bado aliokoa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, kabla mwalimu hajarudi darasani kwa kipindi kinachofuata.

Kurudia kusoma hakuzuii sana upotevu huo, kwa kuwa msomaji halazimiki kutafuta chochote. Jibu limelala mbele ya macho yake. Maneno aliyokwisha kuyaona husomeka kwa urahisi, naye akaudhania wepesi huo kuwa ndiyo elimu. Anayefunika kitabu hana pa kukimbilia. Akili yake inapekua, inaunganisha hili na lile, na kila inapolipata jambo, njia ya kulifikia tena huimarika. Mwanasaikolojia Robert Bjork ameyaita mambo ya namna hii magumu yenye manufaa: yanachosha leo, yanadumu kesho.

Walimu wa Kurani katika mwambao wetu wamekuwa wakifanya hivyo kwa karne nyingi bila kungoja maabara. Mtoto hapimwi kwa kuutazama msahafu, bali husimama mbele ya mwalimu akatoa alichohifadhi kutoka kifuani. Akikwama husahihishwa papo hapo, na sura za zamani hurejewa ili zisipotee.

Hapo wapo watakaoguna kwamba tunarudi kwenye kukariri, jambo ambalo mitaala mipya inalikataa. Karpicke na Janell Blunt walilichunguza swali hilo na kuchapisha majibu yao mwaka 2011 katika jarida la Science. Baadhi ya wanafunzi walichora michoro ya dhana huku matini ya sayansi ikiwa wazi mbele yao. Wengine waliifunga na kuandika walichokumbuka. Wiki moja baadaye waliulizwa maswali ya kutaja na maswali ya kufikiri, yale ambayo jibu lake halikuandikwa popote katika matini. Waliojikumbusha waliongoza katika aina zote mbili. Kumbukumbu imara ndiyo malighafi ya kufikiri. Sharti ni kwamba jambo liwe limeeleweka kwanza, maana kisichoingia hakiwezi kutolewa.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu anamaliza kueleza usanisinuru, anageuka na kuuliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linajibu, "Ndiyoooo!" Hakuna kilichopimwa hapo na hakuna aliyekumbuka kitu. Akiuliza swali na kumchagua mmoja kati ya walionyoosha mikono, amefanyisha kazi kichwa kimoja, na sabini vinapumzika.

Tiba yake haina gharama. Kipindi kinapoanza, andika ubaoni maswali matatu mafupi: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yafungwe, na kila mmoja aandike majibu yake kwenye kipande cha karatasi kabla yeyote hajasema neno. Kisha toa majibu sahihi, wajisahihishe wenyewe au wabadilishane na jirani wa dawati. Dakika saba zinatosha, na huna rundo la kubeba nyumbani. Chovya chovya humaliza buyu la asali: maswali machache yaliyotawanywa muhula mzima yana nguvu kuliko jaribio moja refu la mwisho wa mwezi. Wala usichelewe kuanza. Mwaka 1939 Herbert Spitzer alipima wanafunzi 3,605 wa darasa la sita jimboni Iowa, Marekani, akaona kwamba jaribio linalokuja mapema baada ya kusoma ndilo linalolinda kumbukumbu. Likisubiri hadi mengi yasahaulike, msaada wake huwa mdogo.

Alama nazo ziwekwe kando. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha kazi aliyoifanya na wanafunzi wa Israeli: wengine walipewa maoni tu juu ya kazi zao, wengine alama tu, wengine vyote viwili. Walioendelea vizuri ni wale wa maoni peke yake. Waliopewa vyote viwili hawakuwazidi wale wa alama tu; mtu akishaona 4 kati ya 10, hana tena hamu ya kusoma ushauri ulioandikwa chini yake. Na mtoto anayejua kwamba akikosea atachekwa au atachapwa hatatafuta jibu kichwani, atalitafuta kwa jirani.

Mtihani wa taifa utabaki, kwa kuwa nchi inahitaji kujua nani amefikia wapi. Lakini huo hufanywa mara chache, nawe utaingia darasani kila siku. Katika andalio la somo, sehemu ya tathmini imezoeleka kukaa chini kabisa, ikijazwa baada ya kengele. Utakapokwenda mazoezi ya kufundisha, ianzishie juu, kwenye utangulizi, kwa maswali ya jana na ya mwezi uliopita. Mkaguzi akikuuliza kwa nini unapima kabla ya kufundisha, mjibu kwamba umekwisha kuanza kufundisha.