Ruzuku za usalama Marekani: Wanyonge hulazimika kulipa kwanza

SERIKALI ya Marekani imekuwa ikitoa ruzuku tangu mwaka wa 2005 kusaidia makanisa, misikiti, masinagogi, shule na mashirika mengine yasiyo ya kutafuta faida kujikinga dhidi ya mashambulizi. Hata hivyo, utaratibu wa kuzipata huwafaa zaidi wenye uwezo, huku vikundi vidogo vilivyo katika hatari kubwa vikitatizika.

Mpango huo husimamiwa na FEMA, shirika la kukabiliana na majanga lililo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Ulianza kwa kutengewa Dola 25 milioni, na ulilenga miji mikubwa iliyohofiwa kuwa shabaha ya magaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Ilikuwa hadi 2018 ambapo mashirika yaliyo nje ya miji hiyo yalipoanza kutengewa fungu lao.

Wakati huo ilikuwa imedhihirika kwamba mshambuliaji hachagui mji. Mnamo Agosti 5, 2012, mtu mwenye bunduki aliwaua Masingasinga sita katika hekalu lao mjini Oak Creek, jimbo la Wisconsin. Novemba 5, 2017, watu zaidi ya 20 waliuawa wakiwa ibadani katika kanisa la kijiji cha Sutherland Springs, Texas. Kisha Oktoba 27, 2018, waumini 11 waliuawa katika sinagogi la Tree of Life jijini Pittsburgh.

Bunge la Congress liliongeza fedha hizo mwaka baada ya mwaka: Dola 180 milioni mwaka wa 2021, Dola 250 milioni mwaka wa 2022 na Dola 305 milioni mwaka wa 2023. Hata hivyo, hazikutosha. Kati ya maombi zaidi ya 5,200 yaliyowasilishwa 2023, ni takriban 2,200 pekee yaliyokubaliwa.

Fedha hizo hutumiwa kujenga ua na malango, kuimarisha milango na madirisha, kuweka taa na kamera za usalama, kuajiri walinzi na kutoa mafunzo. Haziruhusiwi kununua silaha. Katika mwaka wa 2024, shirika liliweza kuomba hadi Dola 200,000 (karibu Sh26 milioni) kwa kila jengo.

Shirika haliombi moja kwa moja kutoka kwa FEMA. Hupeleka ombi kwa afisi husika ya jimbo lake, likiambatanisha ripoti ya ukaguzi inayoeleza udhaifu wa jengo, pamoja na maelezo ya tishio lililopo na gharama ya kila kifaa. Jimbo huyapima maombi na kuyapanga kwa alama kabla ya kuyatuma FEMA.

Hapa ndipo mashirika madogo hukwama. Kanisa kubwa lina karani, mhasibu na hata wakili wa kuandaa stakabadhi hizo. Msikiti wa waumini 60 waliokodi jengo hutegemea mtu mmoja anayejitolea usiku baada ya kazi.

Hata ombi likikubaliwa, kwa kawaida pesa haziji mapema. Kwanza serikali hukagua iwapo ujenzi utaathiri mazingira au jengo la kihistoria, na kazi haiwezi kuanza kabla ya idhini hiyo. Kisha shirika humlipa mwanakandarasi kutoka mfukoni mwake, huwasilisha risiti, na ndipo hurejeshewa gharama. Asiye na akiba wala mkopo huona ruzuku kwenye karatasi tu.

Hatari ya utaratibu huo ilijitokeza mapema mwaka wa 2025, serikali iliposimamisha malipo kwa muda ili kukagua ruzuku zake. Mashirika yaliyokuwa yametumia fedha zao yalibaki yakisubiri.

Si kila kinga huhitaji fedha nyingi. Mnamo Januari 15, 2022, mtu mwenye bunduki aliwateka watu wanne katika sinagogi mjini Colleyville, Texas. Baada ya saa kadhaa rabi alimrushia kiti, naye na wenzake waliosalia wakatoroka salama. Rabi huyo alisema baadaye kuwa mafunzo ya usalama aliyokuwa amepokea ndiyo yaliyowaokoa.

Baadhi ya majimbo, kama vile California na New York, yameanzisha ruzuku zao ili kujaza pengo. Kuna pia miungano ya kidini inayoyasaidia makundi madogo kukagua majengo na kuandika maombi. Msaada huo huondoa kikwazo cha stakabadhi, lakini la gharama ya kwanza bado halijatatuliwa. Maadamu fedha zitaendelea kutolewa baada ya kazi kukamilika, maskini wataendelea kuabudu nyuma ya milango dhaifu.