Njia na Mali: Habari za Reli ya Uhuru

  Kabla hatujaanza, mwalimu wenu ataandika ubaoni maneno manne: njia, nauli, shehena, mpaka. Yasomeni pamoja naye kwa sauti. Yule aliyechelewa na akae karibu na mwenzake. Haya, tuanze.

Nataka kwanza mfikiri juu ya mwembe. Mwembe umezaa sana, maembe yanaanguka na kuoza, hata mbuzi wameyachoka. Katika mji ulio mbali na hapo, mtoto anatoa fedha anunue embe moja tu. Embe ni lile lile. Kwa nini huku ni takataka na kule ni mali? Jibu ni fupi: kule kuna mnunuzi, na baina ya mwembe na mnunuzi hapana njia. Basi kumbukeni neno hili: kitu hakiwi mali mpaka kimfikie mtu anayekihitaji.

Jambo hili ni kweli kwa mkulima mmoja, na ni kweli kwa nchi nzima. Tutazame nchi ya Zambia. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964. Ardhini mwake mna shaba nyingi, na shaba inatakiwa duniani kote. Lakini Zambia haina bahari. Imezungukwa na nchi nane, na kila shehena yake lazima ipite katika nchi ya jirani ili ifike bandarini. Katika siku zile sehemu kubwa ya shaba ilipita kwa reli ya Rhodesia Kusini, nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe.

Mwezi wa Novemba mwaka 1965, walowezi wachache waliotawala Rhodesia Kusini wakajitangazia uhuru wao peke yao, na kuwanyima wenyeji walio wengi haki zao. Zambia ikajikuta katika shida kubwa. Ni kama mtu ambaye nyumba yake ina mlango mmoja, na ufunguo anao mtu asiyemtakia mema. Mafuta yakaadimika. Yakabidi yaletwe kwa ndege, na kwa malori kutoka Dar es Salaam. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua, na malori mengi yalipinduka, hata ikaitwa njia ya jehanamu.

Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola likamalizika. Lakini shaba haipiti katika bomba. Ilitakiwa reli. Marais wawili, Julius Nyerere wa Tanzania na Kenneth Kaunda wa Zambia, waliomba msaada kwa nchi za Magharibi, wakaambiwa kwamba reli hiyo haitaleta faida. Ndipo China ikakubali kutoa mkopo usio na riba, na mapatano yakatiwa saini mwaka 1967.

Kazi ilianza mwaka 1970. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China walipasua milima, wakajenga madaraja na kutoboa mapango ya kupitishia reli. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni baina ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bondeni mpaka nyanda za juu. Wengine walifia kazini. Baadhi ya wataalamu wa Kichina wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Mwaka 1975 njia ikafika New Kapiri Mposhi huko Zambia, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa kwa nchi hizo mbili. Urefu wake ni kilometa 1,860. Jina lake ni TAZARA, na watu waliiita Reli ya Uhuru. Sasa mmejua kwa nini.

Sasa tuache habari za marais na shaba, tuje kwetu sisi wakulima. Reli ilijengwa kwa ajili ya nchi mbili, lakini treni ya abiria ilikuwa ikisimama hata katika vituo vidogo. Katika bonde la Kilombero, zamani masika yakija mito ilifurika na njia zikakatika. Mpunga ulikuwapo, lakini ulilala ghalani. Reli ilipopita, watu wengi walihamia karibu na vituo, wakafungua mashamba. Kina mama wakaanza kupanda treni na magunia ya mchele na mikungu ya ndizi, na kurudi na nguo, sabuni na chumvi. Tazameni pia Makambako. Pale reli inakutana na barabara ya kwenda Mbeya, na ya kwenda Njombe mpaka Songea. Mji umekua kwa sababu ya njia panda.

Fungueni madaftari, tufanye hesabu. Hizi si bei za kweli, ni za mfano tu. Tuseme mnunuzi wa mjini anatoa shilingi 100,000 kwa gunia moja. Kama njia ni mbaya, na nauli ya gunia ni shilingi 50,000, mkulima anabakiwa na shilingi ngapi? Shilingi 50,000. Njia ikiwa nzuri, nauli ikashuka mpaka shilingi 15,000, anabakiwa na ngapi? Shilingi 85,000. Hakuongeza jembe wala jasho, ila amepata shilingi 35,000 zaidi. Kwa magunia kumi ni shilingi 350,000. Hiyo ni ada ya shule, au bati za nyumba.

Lakini, ndugu zangu, nisingekuwa mwalimu mwema kama ningeishia hapo. Njia peke yake haitajirishi mtu. Reli ya TAZARA ilikusudiwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka, na haikufikia kiasi hicho. Mwaka 2014/15 ilichukua chini ya tani laki moja. Kwa nini? Injini zilichakaa na njia haikutengenezwa vizuri. Tena, Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, Zambia ilikuwa na milango mingine ya kusini. Na malori yakachukua mizigo mingi katika barabara ya lami. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mapatano mengine ya kuifufua. Kujenga ni kazi ya miaka mitano, lakini kutunza ni kazi isiyokwisha.

Tena njia zinataka kuunganika. Upana wa reli ya TAZARA si sawa na ule wa Reli ya Kati ya zamani. Tofauti ni kama sentimita 7, vidole vinne tu. Lakini kwa ajili ya vidole hivyo vinne, reli hizo zinapokutana Kidatu, behewa haliwezi kuvuka, na shehena lazima ipakuliwe na kupakiwa upya. Mpakani vile vile, kama pale Tunduma, lori likingoja siku nyingi kwa sababu ya karatasi, mwenye mali anapata hasara ingawa barabara ni nzuri.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tulio darasani. Njia ikifunguka, faida huja. Lakini ataila nani? Zile shilingi 35,000 za mfano wetu zinaweza kuingia mfukoni mwa mkulima, au mfukoni mwa mchuuzi anayemwambia, "Bei ya mjini imeshuka." Mkulima asiyeweza kusoma bei, wala mizani, wala stakabadhi, atajuaje? Treni inapita mbele ya mlango wake, lakini yeye bado yuko mbali na soko. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kisomo nacho ni njia, na njia hii hujengwa na kila mtu kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa mwalimu atazima redio, nanyi mzungumze maswali haya matatu. Kwanza: ni kitu gani kwetu kinachooza kwa kukosa njia? Pili: gunia moja la mazao yenu hulipiwa nauli kiasi gani mpaka sokoni? Andikeni hesabu yake. Tatu: ni nani anayeitunza barabara ya kijiji chetu, nasi tunaweza kusaidia nini?

Somo limekwisha. Kwaherini, wasikilizaji, mpaka tutakapokutana tena.