Pasi ya Kulehemu kwa Mtu wa Mara Mojamoja

Mtu anayelehemu kwa mapenzi tu, si kwa riziki, hupewa ushauri uleule kila aulizapo: chukua pasi ya bei ya chini kabisa, kwani utaitumia mara ngapi? Ushauri huo umesimama kichwa chini miguu juu. Anayeunga waya mara mbili kwa mwaka ndiye anayehitaji pasi inayojidhibiti joto kuliko fundi redio wa kila siku, na akiwa anakaa mahali kama Tura, anaihitaji zaidi. Tura ni kituo cha Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 100 mashariki ya Tabora mjini. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba jina lenyewe lina maana ya kutua mzigo, kwa sababu misafara iliyovuka nyika ya Mgunda Mkali ilipumua hapo, mpagazi mmojammoja akiwa na frasila mbili, karibu kilo 32, za nguo, shanga au masango ya waya. Mizigo imebadilika, lakini umbali ni uleule. Redio ikiharibiwa mezani hapo, kipuri chake kinahitaji safari.

Tuanze na joto lenyewe. Waya wa risasi wa kulehemu, ule wenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Usio na risasi, ambao sehemu kubwa ni bati pamoja na shaba kidogo na pengine fedha, hungoja hadi kati ya nyuzi 217 na 227. Ncha ya pasi inahitaji kuzidi hapo kwa kiasi cha kutosha ili kiungo kishike upesi. Nyuzi 320 hadi 350 zinafaa kwa kazi nyingi za sakiti. Sasa, pasi ya wati 60 isiyo na kidhibiti haijui 350 ni nini. Inapanda tu mpaka joto inalolipata lilingane na joto linalopotea hewani, na ikiachwa kwenye kishikizo chake inaweza kuvuka nyuzi 400. Hapo dawa ya utomvu iliyo ndani ya waya huungua kabla haijasafisha shaba, ncha huwa nyeusi na risasi haiikamati tena, na vile vijistari vya shaba vilivyobandikwa kwenye sakiti hubanduka kama gamba la kidonda. Kiungo kizuri cha risasi hung'aa na kuteremka taratibu hadi kwenye shaba kama ubavu wa kichuguu. Kibaya hukaa duara, kama tone la umande juu ya jani la gimbi: kinagusa, hakijashika.

Kuna watakaosema kwamba mafundi wametengeneza redio miaka nenda miaka rudi kwa pasi ya kawaida, na kabla yao mafundi bati walilehemu koroboi kwa kichwa cha shaba kilichopashwa kwenye jiko la mkaa. Ni kweli, na heshima yao ni haki yao. Lakini tazama kidhibiti chao kilikuwa wapi. Kilikuwa mkononi. Fundi bati husoma joto kwa namna risasi inavyotiririka akiigusisha. Fundi redio huchomoa plagi pasi ikizidi, hupangusa ncha, hugusa sekunde mbili na kuondoka. Mkono huo hutengenezwa na viungo maelfu. Mtu wa mara mojamoja hukaa miezi bila kushika pasi, na kila akirudi mkono umeshasahau. Husita, hubonyeza, hurudia. Kidhibiti kinamkopesha sehemu ya uzoefu ambao hana muda wa kuupata. Tena bati la koroboi huvumilia makosa ambayo sakiti ya simu haiyavumilii hata kidogo.

Hoja ya bei ni nzito zaidi, na siibezi. Ila kati ya pasi ya bei ya chini na mtambo mkubwa wa mezani kuna pasi ya wati 60 yenye kidhibiti ndani ya mpini, nayo inamtosha kabisa mtu wa aina hii. Hapa pana mtego. Baadhi ya vitufe vya kuzungusha hupunguza umeme tu, kama vile kupunguza mwanga wa taa, bila kupima chochote. Muulize muuzaji kama ndani mna kihisi cha joto, na umwombe aiwashe: pasi inayojipima kweli hupanda upesi, kisha taa yake huzima au hupepesa inapofika ulipoiweka. Halafu tazama ncha. Zilizo bora ni za shaba iliyofunikwa kwa chuma, kwa kuwa shaba tupu huliwa na bati kidogokidogo mpaka inakuwa na mashimo. Sumaku ya spika iliyokufa inatosha kupimia: ncha yenye chuma huvutwa, ya shaba tupu haivutwi. Ncha ya namna hiyo isipigwe tupa wala msasa, maana chuma chake ni tabaka jembamba. Na uchague yenye ubapa kama patasi, upana wa milimita mbili hivi, badala ya ile iliyochongoka kama sindano inayovutia macho ya wageni wa kazi hii. Ubapa hupitisha joto, uchongokaji hulizuia.

Umeme nao una neno. Nguvu ya pasi hushuka kwa mraba wa volti, hivyo pasi ya wati 60 iliyotengenezewa volti 230 hutoa wati 45 hivi umeme ukishuka hadi 200. Yenye kidhibiti itachelewa kupanda, lakini ikifika inakaa pale. Wa sola watapata pasi ndogo za umeme wa betri, nazo zidadisiwe kwa hesabu hiyohiyo: yenye ukinzani wa omu 8 hutoa wati 18 tu kwenye betri moja ya volti 12, zinazotosha waya mwembamba wa spika lakini si waya mnene wa betri. Betri mbili zikiunganishwa kwa mfuatano, volti 24, pasi ileile, kama imetengenezewa kiwango hicho, hutoa wati 72 na kuvuta ampea 3.

Moshi unaopanda ni wa utomvu, si wa risasi, lakini huwasha mapafu, basi fungua dirisha. Risasi yenyewe hubaki vidoleni, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kula na usilehemu kwenye meza ya chakula cha watoto. Ukimaliza, yeyusha risasi mbichi juu ya ncha, zima, na uiache ipoe ikiwa imevaa risasi hiyo. Ncha iliyohifadhiwa hivyo itakupokea baada ya miezi sita ikiwa bado inang'aa.