Mwuguzi Naye Huchoka

Neno letu la mwezi huu lawahusu wale wanaotuuguza. Hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa ni nyumba chache zisizopata kulaza mgonjwa hospitalini. Naye akirudi, mara nyingi jambo la kwanza analosimulia si dawa aliyopewa, bali jinsi mwuguzi alivyomjibu. Akijibiwa kwa upole, twasifu. Akijibiwa kwa ukali, twasema, "Yule hana moyo." Lakini wengi wao walikuwa na moyo siku walipoanza kazi. Yafaa tujue ulipotelea wapi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii, likasema si ugonjwa, bali ni uchovu utokanao na taabu ya kazi ya siku nyingi isiyopata dawa. Dalili zake ni tatu: nguvu humwishia mtu, moyo wake hujitenga na kazi, hata awaone watu kuwa mzigo, na kazi yenyewe hupungua uzuri mkononi mwake.

Fikirini zamu ya usiku wakati wa mvua, malaria inapozidi. Mwuguzi mmoja aweza kuachiwa wodi nzima. Huku mtoto ametundikiwa maji, huku mama ana uchungu wa kuzaa, huku mzee aomba kugeuzwa, na kitabu cha dawa chamngoja. Kabla hajamaliza neno moja, ameitwa mara tatu. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia waliwapima watu waliokesha, wakaona kwamba aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mkono kama mtu aliyekunywa pombe. Tena mwaka 2002, katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, ilionekana kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa mwuguzi alizidisha hatari ya kufa kwa waliopasuliwa kwa sehemu 7 katika 100, na hatari ya mwuguzi kuchoka hivyo kwa sehemu 23 katika 100. Basi jambo hili si la mwuguzi peke yake. Ni uhai wa mgonjwa wetu.

Zamani watu walisafiri mbali kumfuata daktari mmoja, kama Leader Stirling, aliyehamia Mnero mwaka 1949. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Hilo ni jema sana. Lakini nyumba hujengwa kwa miezi, na mwuguzi hufunzwa kwa miaka. Penye wauguzi wachache, wale waliopo hubeba na kazi ya wasiokuwapo.

Watu husema kwamba uuguzi ni wito. Ni kweli, lakini wito haumwondolei mtu haja ya usingizi. Musa naye aliitwa, na hata hivyo Yethro mkwewe alipomwona akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, hakumwambia aongeze bidii. Alimwonya kwamba atachoka yeye pamoja na watu wake, akamshauri agawe kazi. Shauri hilo lawapasa wenye kusimamia wodi: wapange zamu mapema, wampe aliyekesha siku ya kupumzika, wala wasimkaripie mbele ya wagonjwa.

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Mke au binti arudipo asubuhi kutoka zamu ya usiku, asikabidhiwe jembe, ndoo na watoto, alale kwanza. Waume, angalieni neno hili. Tukienda kuuguza ndugu, tushike saa za kuonana na wagonjwa, na tumwulize mwuguzi kazi tuwezayo kusaidia, kama kumwosha mgonjwa au kumlisha. Mama mwenye mimba aanze kliniki mapema, asingoje uchungu umshike. Dawa ikikosekana, tusimtukane aliyeko dirishani. Si yeye mwenye bohari. Walimu nao wawaambie wanafunzi wapendao uuguzi ukweli wote, heshima yake na uzito wake.

Hatusemi kwamba uchovu wahalalisha kila kosa. Anayempiga mama mzazi au kudai rushwa ashtakiwe kwa wakubwa wake. Lakini aliyechoka hufaa kusaidiwa mapema, naye asione haya kumwambia mkubwa wake kwamba nguvu zimepungua, kabla hajakosea kipimo cha dawa.

Basi zungumzeni neno hili nyumbani jioni. Na kama jirani yenu ni mwuguzi, mwulizeni amelala lini.