Mzee Asiyeweza Kuhama

Leo twazungumza juu ya kuwasaidia wazee, na tutaanzia Eldas, katika Kaunti ya Wajir, mahali ambapo wengi wenu hamjafika.

Wenyeji wa huko, walio wengi Wasomali Waislamu na wafugaji, hawana desturi ya kumpeleka mzee kwenye nyumba ya wazee. Mzee hukaa na wanawe. Lakini mvua ikikosekana, ngamia hupelekwa mbali kutafutiwa malisho, na mama asiyeweza kutembea hubaki kijijini na mjukuu au jirani. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliua mifugo mingi. Na mifugo ndiyo iliyokuwa akiba ya uzeeni.

Je, mama huyo ahitaji nini? Mara nyingi si kulazwa hospitali, wala si kufanyiwa kila jambo. Ahitaji mtu wa kumchotea maji, kumpikia, kumshika mkono aendapo msalani. Yale ayawezayo aachiwe mwenyewe. Huko Marekani wako wanaolipia makao ambamo mzee ana chumba chake, na wahudumu humsaidia katika hayo tu. Kwetu Kenya nyumba za wazee ni chache, kama ile ya P.C.E.A. huko Thogoto.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa yake na Serikali. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa waliotimiza miaka 70, walioandikishwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zanunua unga, hazichoti maji.

Mtume Paulo alimwagiza Timotheo kwamba watoto na wajukuu watangulie kuwatunza wazazi, ili kanisa lipate kuwasaidia wajane walioachwa peke yao kweli. Sehemu ya kwanza twaipenda, maana twaitumia kuwakemea vijana waliokwenda Nairobi. Ya pili, katika makanisa yetu mengi, haina hata kamati.

Basi Jumapili hii, mkitoka ibadani, ulizaneni ni mzee gani hakuja kwa kuwa hana wa kumshika mkono. Mkifika kwake msianze kupanga. Mwulizeni yeye mwenyewe ataka asaidiwe nini. Huenda akataka debe moja la maji tu, na mtu wa kuketi naye hadi chai iive.