Kuvuka Mito ya Usambara kwa Motokaa ya Kulala Safarini

Wasikilizaji, leo twapenda kuzungumza juu ya jambo liwapatalo wasafiri wengi wa Usambara wakati wa mvua, nalo ni kuvuka maji mengi kwa motokaa. Twasema hasa na wale wenye motokaa za nyikani zilizotengenezwa nyumba ndani yake, zenye kitanda, jiko na pipa la maji. Maana hao ndio waonao kwamba mto si kitu kwao. Motokaa yao iko juu, mipira yake ni minene, na magurudumu yote manne huvuta. Basi na tuitazame dhana hiyo.

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hata Lushoto, mji ulioitwa Wilhelmstal zamani za Wajerumani, ina lami, na urefu wake ni kama kilomita 32. Humo msafiri huogopa mawe yaangukayo na udongo utelezao kuliko kina cha maji. Mambo hubadilika apitapo Lushoto kuelekea Mlalo na Mtae, na zaidi ashukapo upande wa kaskazini hata Mng'aro na nyika ya Umba. Katika njia za namna hiyo huenda akakuta kijito kisicho na daraja, au kilicholazwa sakafu ya saruji tu, ile iitwayo drifti, na maji yakapita juu yake.

Sasa, mto wa mlimani una tabia yake. Mto Umba huanzia katika msitu wa Shagayu, ulio juu sana mlimani, ukashuka nyikani, ukaishia baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya. Siku za masika, tangu Machi hata Mei, na siku za vuli, tangu Oktoba hata Desemba, mvua yaweza kunyesha kwa nguvu huko juu, na mtu aliye chini akaota jua. Akaona maji ya magotini, akaingia, na kumbe maji ya mlimani yangali njiani. Dalili zake ni chache, wala hazingoji: maji yaliyokuwa meupe yageuka mekundu, majani na vijiti vyaanza kupita, na mvumo wasikika kutoka juu. Azionaye akiwa ukingoni asiingie. Azionaye akiwa mtoni hana muda wa kushauriana.

Na ile nyumba ya nyuma, je, yasaidia? Tufanye hesabu ndogo. Tuseme nyumba hiyo ina upana wa mita 2 na urefu wa mita 4, na motokaa nzima yapima tani 3. Kila sentimita 10 za maji yapandayo juu ya sakafu huiinua kwa nguvu ya kilo 800, maana milango iliyozibwa vizuri kuzuia vumbi huzuia na maji kwa muda. Yakifika sentimita 40 juu ya sakafu, uzito wote umekwisha, na motokaa imekuwa mashua isiyo na usukani. Tena magurudumu huacha kushika chini mapema kuliko hapo, kwa kuwa maji husukuma na ubavuni. Ubavu wa mita 4 ukizama sentimita 40, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu asiye na haraka, huusukuma kwa nguvu iliyo kama uzito wa kilo 80. Mwendo wa maji ukizidi mara mbili, nguvu huwa mara nne, yaani kilo 320. Ndiyo sababu kimo cha maji peke yake hakitoshi kuwa kipimo.

Watengenezaji hutaja kina ambacho motokaa zao zaweza kupita. Land Rover Defender ya zamani iliandikiwa sentimita 50, na ile mpya iliyotolewa mwaka 2020 sentimita 90. Lakini vipimo hivyo ni vya motokaa itokayo kiwandani na maji yasiyo na mkondo mkali. Wengine hujivunia lile bomba la kuvutia hewa lipandalo ubavuni mwa kioo, snokeli. Bomba hilo huisaidia injini kupumua; halilisaidii gurudumu kushika chini.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililochukua waimbaji wa kwaya waliokwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kenya, maji yakiwa juu ya daraja. Walikufa watu zaidi ya 30. Na tarehe 12 Aprili 2024, katika mji wa Arusha, maji ya korongo yalichukua motokaa iliyopeleka watoto shuleni, na watoto wakafa. Basi lile lilikuwa zito na refu kuliko nyumba yoyote ya magurudumu manne.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa ukingoni, nayo ni kungoja. Kijito kifupi cha mlimani hujaa upesi na hupungua upesi. Mara nyingi mvua ikikoma huko juu, maji hushuka baada ya saa chache. Msafiri wa basi ana haraka, na mwenye lori ana mzigo uozao. Mwenye kitanda, chakula na maji ya kunywa garini ana nini? Hakuna awezaye kungoja kwa raha kama yeye, na ajabu ni kwamba yeye ndiye apendaye kuthubutu. Na asimamishe motokaa juu, mbali na ukingo, achomeke kijiti penye ukomo wa maji, apike chai, akitazame kijiti. Na awaulize wenyeji. Mzee wa Kisambaa aliyezaliwa karibu na kile kijito ajua mahali penye mawe na mahali penye shimo.

Maji yakiisha kutulia, mtu na apime kwa miguu, fimbo mkononi, uso ukielekea maji yatokako. Asipoweza kusimama imara, au maji yakipita magoti kwa kasi, motokaa isiingie. Lakini katika Pangani na mito mikubwa ya nyikani mna mamba na viboko. Huko hapapimwi kwa miguu kamwe.

Kisha na atie gea ya chini ya kuvuta magurudumu yote, afungue vioo na mikanda, na abiria wavuke kwa miguu ikiwezekana. Aingie polepole, aende mwendo mmoja wa mtu atembeaye, hata wimbi dogo litangulie mbele ya boneti na kuacha maji machache penye feni. Asibadili gea wala asikanyage klachi. Injini ikizimika kwa kuvuta maji, asiiwashe tena: maji hayashindiliki kama hewa, na konrodi itapinda. Ivutwe nje kwa kamba, fundi ayatoe maji kwanza.

Akifika ng'ambo, na akanyage breki mara nyingi akienda taratibu hata zikauke, maana mteremko wa Usambara hauna subira na breki iliyolowa. Halafu aipoze motokaa, afungue vifuniko, atazame oili ya injini, ya gia na ya difu. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, nayo imwagwe na kutiwa mpya kabla ya kupanda tena mlimani.