Kuambatana na Wataalamu Kazini: Nafasi Yake katika Kubainisha Mwelekeo wa Kitaaluma wa Wanachuo wa Kiswahili Nchini Uganda na Rwanda

Ikisiri
Sera za lugha nchini Uganda na Rwanda zimefungua nyanja za kazi ambazo mwanachuo wa Kiswahili anaweza kuhitimu bila kuziona zikitendwa. Makala hii inafafanua jinsi mbinu ya kuambatana na mtaalamu kazini inavyoweza kuziba pengo hilo. Hoja kuu ni kwamba faida ya mbinu hii haimo katika kumthibitishia mwanachuo chaguo alilonalo, bali katika kumwezesha kulisahihisha mapema, kabla gharama ya kubadili njia haijawa kubwa. Makala inaeleza dhana, msingi wake wa kinadharia, yanayoonekana kazini na masharti ya utekelezaji, kisha inatoa mapendekezo kwa vyuo na watunga sera.

1.0 Utangulizi
Katika kipindi kisichozidi miongo miwili, hadhi ya Kiswahili katika nchi hizi mbili imebadilika kwa kiasi kikubwa. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2017 Rwanda ilikiingiza katika orodha ya lugha zake rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi, na Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Matamko haya yanahitaji watendaji: walimu, wafasiri, wakalimani, wahariri, watangazaji na maafisa wa huduma za mipakani. Hata hivyo, kazi kuwapo ni jambo moja na kijana kuijua ni jambo jingine. Kijana wa Tanga au Mombasa hukisikia Kiswahili ofisini, bandarini na redioni kabla hajafikiria kukisomea. Mwenzake wa Kampala au Kigali hukutana nacho zaidi darasani, na huenda mtu pekee anayemwona akiishi kwa Kiswahili ni mwalimu wake. Ualimu ni nguzo ya sera yoyote ya lugha. Tatizo ni kuuchagua kwa kukosa kuona kazi nyingine, au kuiacha lugha yenyewe kwa dhana kwamba haina kazi isipokuwa ualimu.

2.0 Dhana ya Kuambatana na Mtaalamu Kazini
Katika makala hii, kuambatana na mtaalamu kazini ni utaratibu ambao mwanachuo hufuatana na mtendaji mmoja kwa siku chache, akitazama kazi yake ya kawaida tangu mwanzo wa siku hadi mwisho, akiuliza maswali na pengine akijaribu majukumu madogo chini ya uangalizi. Utaratibu huu hutofautiana na utarajali, ambao huchukua wiki au miezi na humdai mwanachuo kuzalisha. Hutofautiana pia na uanagenzi, ambao hulenga umilisi wa ufundi, na ziara ya mafunzo, ambayo huonyesha taasisi badala ya mtu aliye kazini.

Tofauti hii ina uzito. Utarajali na mazoezi ya ufundishaji huja baada ya mwanachuo kuchagua mkondo, mara nyingi katika nusu ya pili ya masomo. Akigundua wakati huo kwamba kazi haimfai, ameshatumia miaka na ada. Siku tatu za kuambatana katika mwaka wa kwanza zingeweza kumfikisha kwenye utambuzi huohuo kwa gharama ya nauli na chakula.

3.0 Msingi wa Kinadharia
Frank Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu uchaguzi wa kazi, alieleza mambo matatu: mtu kujijua, kuijua kazi, na kufikiri sawasawa juu ya uhusiano wa mawili hayo. Dodoso na unasihi vinaweza kusaidia jambo la kwanza. Jambo la pili halipatikani kwa maelezo pekee. Michael Polanyi (1966) alifafanua kwamba mtendaji hodari hujua zaidi ya anavyoweza kueleza. Kwa hiyo hata mtaalamu mwenye nia njema, akialikwa kutoa mhadhara chuoni, ataacha nje sehemu kubwa ya kazi yake kwa sababu yeye mwenyewe haioni tena. Wahenga walilisema hilo kwa ufupi: usione vyaelea, vimeundwa. Mwanachuo huona tafsiri iliyokamilika. Anayehitaji kuuonyeshwa ni uundaji wake.

Jean Lave na Etienne Wenger (1991) wanaongeza kwamba mtu huingia katika jumuiya ya watendaji kuanzia pembezoni. Mafundi cherehani wa Liberia, waliochunguzwa na Lave, huwaanzisha wanagenzi kwa umaliziaji wa nguo, kama vile kushona vifungo na kupinda mapindo, kabla ya kushona vazi zima na hatimaye kukata kitambaa. Kuambatana kazini ni hatua iliyo pembezoni zaidi ya hiyo, kwani mwanachuo bado hajaamua kuingia. Lakini akiwa hapo anaona jinsi watendaji wanavyosemezana, wanavyokosoana na wanavyobeba lawama.

4.0 Yanayoonekana Kazini
Mifano miwili inatosha kuonyesha maarifa ambayo darasa peke yake huyafikia kwa shida. Wa kwanza ni ukalimani wa mikutano. Kwa mtazamaji wa ukumbini, mkalimani ni sauti inayotiririka katika visikizi. Mwanachuo anayeambatana naye hugundua kwamba kazi ilianza siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa kusoma nyaraka za ajenda na kuandaa orodha ya istilahi. Huona kwamba katika ukalimani sambamba wakalimani hukaa wawili kibandani na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu akili huchoka na makosa huongezeka. Huona pia kwamba yule aliyepumzika hajapumzika kweli. Humwandikia mwenzake tarakimu na majina. Mwanachuo aliyevutiwa na ukalimani kwa sababu ya safari na hadhi yake anaweza kutambua hapo kwamba uwezo wake umo katika tafsiri ya maandishi, inayompa nafasi ya kurudia na kurekebisha. Huko si kushindwa. Ni chaguo lililosahihishwa kwa wakati.

Mfano wa pili ni vituo vya huduma za pamoja mipakani, kama Mutukula kati ya Uganda na Tanzania, na Rusumo kati ya Rwanda na Tanzania. Hapo dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam hueleza kwa Kiswahili kasoro ya mzigo au kucheleweshwa kwake, ilhali sehemu kubwa ya nyaraka za forodha huwa kwa Kiingereza. Wakala wa forodha husimama kati ya lugha hizo mbili kutwa nzima. Kibao cha mlango wake hakitaji Kiswahili, wala tangazo la nafasi yake huenda lisikitaje, lakini bila lugha hiyo kazi hukwama. Mwanachuo akimtazama hujifunza mambo mawili: kwamba kazi nyingi za Kiswahili hazibebi jina la Kiswahili, na kwamba anayezitaka hana budi kuongeza maarifa mengine, kama vile taratibu za forodha. Utambuzi huo hubadilisha hata kozi za hiari anazochagua muhula unaofuata.

5.0 Masharti ya Ufanisi
Mbinu hii ina hatari zake. Ya kwanza ni mwanachuo kuihukumu taaluma nzima kwa siku moja mbaya au kwa mtaalamu mmoja. Kinga yake ni kumpeleka katika sehemu mbili au tatu zinazotofautiana. Ya pili ni siku kupita bila funzo. Mwanachuo anahitaji shajara yenye maswali machache: ni jambo gani lililochukua muda mrefu zaidi, ni kosa gani linaloogopwa, ni maarifa gani ambayo chuo hakijayafundisha. Akirudi, afanye mjadala na mhadhiri na wenzake. Uchunguzi usiojadiliwa hubaki kuwa kumbukumbu ya matembezi.

Ya tatu ni usiri. Mahakama, hospitali na ofisi za forodha zina taarifa za watu, hivyo ahadi ya maandishi ya kutunza siri haina budi kutangulia. Ya nne, na iliyo nzito zaidi kisera, ni usawa. Nafasi zikiachwa zitafutwe na kila mwanachuo kivyake, atakayenufaika ni yule mwenye mjomba ofisini. Mtoto wa mkulima, ambaye ndiye asiye na njia nyingine ya kuiona kazi, atabaki na picha aliyokuja nayo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo
Sera ya lugha hutimia pale inapopata watu waliochagua kuitumikia wakijua wanachokichagua. Kwa msingi huo, makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, vyuo viweke siku za kuambatana kazini kabla ya wanachuo kuchagua mkondo, si baada yake. Pili, nafasi zigawiwe na idara kwa utaratibu ulio wazi, na nauli igharimiwe kwa wasiojiweza. Tatu, wizara za elimu zikubaliane na mahakama, vyombo vya habari na mamlaka za forodha kuhusu idadi ya wanachuo watakaopokelewa kila mwaka. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ichukue nafasi ya uratibu, ili mwanachuo wa Kigali aweze kuambatana na mhariri wa Dar es Salaam, na wa Kampala na mfasiri wa Arusha.

Mafanikio ya mpango kama huo yasipimwe kwa idadi ya waliothibitisha ndoto zao pekee. Wahesabiwe pia waliobadili njia mapema, kwani hao wameokoa miaka yao na fedha za wazazi wao.